Uzi wa Kupimia Kivuli

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeosha vyombo. Nimechambua mchele. Nimemwekea Bibi maji ya kutawadha. Sasa niko chumbani, mlango nimeurudishia.

Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: Mwantumu akija nyumbani, akakaa uani na Bibi, wakaanza kucheka, mimi naingia jikoni kutwanga kinu kitupu. Hamna mahindi, hamna kisamvu. Natwanga tu nisiwasikie. Jana Bibi aliuliza leo tunakula nini, maana tangu mchana ni mchi tu. Nikasema karanga. Ikabidi niende dukani nikanunue karanga.

Nina wivu. Hilo ndilo.

Mwantumu tunakaa dawati moja, kidato cha tatu. Kaja Julai, baba yake kahamishiwa huku, kazi ya reli. Ni Mzaramo. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani, mjinga mimi. Bibi hakumaliza hata kuitikia marahaba, akamuuliza kabila. Aliposikia Mzaramo akaweka chini ukili wa mkeka aliokuwa anasuka. Akasema, "Mtani wangu huyu. Nani kakuruhusu kukanyaga nchi yangu na miguu ya pweza hiyo?"

Nilitamani nijifiche mtungini. Mwantumu hata hakupepesa. "Nimekuja kuwaona punda waliokuwa wanatubebea mizigo, bibi. Kumbe wamebaki wazee watupu."

Bibi alicheka mpaka kilemba kikadondoka.

Ndiyo utani wetu Wanyamwezi na watu wa Pwani, tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakishuka na meno ya tembo na kupumzika kwao. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako anakula. Kwenye msiba wako anakuja kuvunja watu mbavu. Mwantumu anakula vitumbua vyetu kutoka kwenye chuma. Juzi kaficha makubazi ya Bibi. Bibi kaenda msalani pekupeku, anacheka.

Mimi Bibi ananitania tangu nizaliwe. Ananiita mke mwenza. Sijawahi kumjibu hata siku moja. Majibu ninayo. Yanakuja saa mbili baadaye, nikiwa nafua.

Shuleni ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo kimya changu kina kisingizio. Watu wanadhani ni lugha. Si lugha. Kwa Kiswahili pia nimenyamaza.

Jumatatu, 16 Septemba

Klabu ya historia leo. Baada ya vipindi, chumba cha kidato cha kwanza, madawati yamepungua mawili. Mwalimu Ndimbo anafundisha jiografia lakini roho yake iko kwenye visa vya kale. Kila Jumatatu anasimulia kisa cha ajabu, kisha sisi. Lugha yoyote.

Leo kawaleta wazee wa Uyunani. Mmoja aliishi ndani ya mtungi mkubwa kwa hiari yake. Mwingine alikuwa akitembea anatazama nyota mpaka akatumbukia kisimani, kijakazi akamcheka. Huyohuyo wa kisimani alikwenda Misri, wakamuuliza piramidi lina kimo gani. Hakupanda. Alisimama juani akangoja mpaka kivuli chake kikawa sawa na kimo chake. Hapo akakimbia kupima kivuli cha piramidi. Basi.

Nimekipenda hicho kuliko vyote. Mtu anapima kitu kikubwa bila kukigusa.

Kisha tangazo. Lile tembe la kale nje ya mji, nyumba ya udongo ya paa bapa ambako misafara ilikuwa ikipumzika, limekarabatiwa na litakuwa na maonyesho. Wageni wanakuja Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Mwanafunzi mmoja wa klabu yetu atasimulia kisa kimoja cha njia ile. Mmoja tu.

 Nina madaftari matatu ya hadithi za Bibi. Naandika tangu darasa la tano, yeye anasuka, mimi naandika. Nikasema kimoyomoyo, hii ni yangu. Naomba Mungu anipe mdomo kwa dakika tano tu.

Nikiwa bado naomba, Mwantumu kasimama. Kasimulia kisa cha chumvi. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kwanza. Babu wa babu yake Bibi alifika Pwani mara ya kwanza, miezi mitatu njiani, koo limekauka. Akaona maji yasiyo na mwisho. Akatupa mzigo, akainama, akanywa. Akatema. Akauliza, "Nani kamwaga chumvi yote hii, na mkewe kamfanya nini?"

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwalimu kauliza kakitoa wapi.

"Kwa bibi yangu wa hapa Tabora."

Bibi yake. Wa hapa Tabora.

Nilikunja kona ya daftari mpaka ikakatika.

Jumanne, 17 Septemba

Sina la kuandika. Nimetwanga.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimefanya kitu.

Mapumziko ya saa nne. Tumekaa nyuma ya maabara, tunakula mihogo. Mwantumu kasema Bibi jana alikuwa na homa hakumpa kisa, hebu nimpe mimi kimoja. Kasema kwa utani wake, "Wewe Mnyamwezi bubu, hayo madaftari unayafugia panya?"

Nikafungua mdomo. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia kwamba zamani mpagazi, mbeba mizigo wa misafara, hakuondoka Tabora hivihivi. Siku ya safari mkewe alimsimamisha njiani saa sita mchana, akapima kivuli chake kwa uzi wa gome la mti, akafunga fundo, akauweka uzi sandukuni. Miaka ikapita. Mume akirudi anasimamishwa tena palepale. Kivuli kikipungua au kikizidi, huyo siye. Haingii ndani.

Hakuna desturi kama hiyo. Nimeitunga pale pale, muhogo mkononi, na yule mzee wa Misri kichwani.

Na mtego umo. Saa sita mchana. Kwetu mwezi huu na ujao jua liko utosini, kivuli hakuna. Utapima nini? Mwalimu wa jiografia atalidaka hilo kabla Mwantumu hajakaa chini. Watu watamcheka. Watasema Mzaramo kadanganywa.

Nilisimulia bila kukwama hata mara moja. Mwantumu alinitazama muda mrefu. "Mbona hujawahi kuongea hivi?"

Nikainua mabega. Najiambia ni utani. Mtani anaruhusiwa kumdanganya mtani.

Jumapili, 22 Septemba

Nilitoka uani saa sita na nusu kuhakikisha. Kivuli kiko chini ya nyayo, kama nimevaa kandambili nyeusi. Nikafurahi. Kisha nikaogopa. Kisha nikafurahi tena.

Mama kapiga simu kutoka Sikonge, asali imeuzwa, atakuja mwisho wa mwaka. Kauliza habari za shule. Nikasema nzuri.

Jumatatu, 23 Septemba

Klabu leo, na Mwantumu kaja na kisa cha uzi.

Kasimama. Kaanza taratibu. Kafika kwenye saa sita mchana. Nikamtazama Mwalimu Ndimbo, nikaona kalamu yake imesimama. Nikasema sasa.

Mwantumu naye akakatisha kisa. Akatazama chini miguuni pake. Akasema:

"Saa sita mchana, jamani. Nyie watani zangu hamna akili. Kivuli kiko wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Akangoja wamalize. Akasema basi yule mwanamke aliinama na uzi wake, akatafuta kivuli cha mumewe, hakukiona. Msafara unapiga kengele, kiongozi kashatangulia. Akafunga fundo kwenye uzi mtupu. Akauweka. Wenzake wakamcheka, umepima nini wewe? Akawajibu, "Wenu wamewaachia vivuli. Wangu kaondoka mzima, hakubakisha kitu. Nitajua akirudi mzima." Na alilala na uzi ule mpaka mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa kidato cha pili alikuwa anajifuta macho kwa tai.

Mwalimu kasema amechaguliwa. Hakuuliza kama kuna mwingine.

Jumanne, 24 Septemba

Kisa changu. Changu. Changu.

Nimeuonea wivu uongo wangu mwenyewe. Kuna mtu duniani ameshafika hapo?

Mbaya zaidi: mwanamke wake ni mzuri kuliko wangu. Wangu alikuwa mwenye shaka, anapima mume kama kitambaa. Wake anapenda. Nimekaa na uzi ule siku nne kichwani na sikumwona.

Siwezi kusema ni wangu. Nikisema, itabidi niseme kwa nini nilimpa.

Jumamosi, 28 Septemba

Mwantumu kaja baada ya adhuhuri. Nimeshika mchi tayari. Nikasikia anamsimulia Bibi kisa cha uzi. Nikauacha mchi. Nilijua Bibi atasema, "Nani kakudanganya, mtoto wa pweza?" Nilitaka kusikia hilo kwa masikio yangu.

Bibi kaacha kusuka. Ukili umesimama mkononi. Kisha kanyanyuka, kaingia chumbani, nikasikia kufuli la sanduku. Karudi na kitambaa cha kaniki kilichokunjwa mara nyingi. Ndani yake uzi. Wa gome, mweusi kwa uzee. Mfupi, shubiri moja na kidogo. Mwishoni una fundo moja.

Bibi anasema ni wa bibi yake, Nyamizi. Mume wa Nyamizi alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani, hakurudi. Bibi akiwa mdogo aliwahi kuugusa uzi ule, akapigwa kibao cha mkono, kibao pekee alichopata kwa bibi yake maisha yote. Hakuambiwa ni wa nini. Hakuna aliyeambiwa.

"Kumbe," Bibi kasema. "Kumbe ndiyo maana mfupi. Ni kivuli cha saa sita."

Analia. Bibi yangu. Machozi yanashuka na anatabasamu, anaushika uzi kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Mwantumu kanitazama. Mimi nimetazama kinu.

Kwa muda kidogo na mimi niliamini. Naandika kwa sababu ni kweli. Niliamini kitu nilichokitunga nikila muhogo.

Jumatano, 2 Oktoba

Habari imefika kwa Mwalimu Ndimbo. Imefika kwa dada anayepanga maonyesho. Jana kaja nyumbani, kavua viatu mlangoni, kakaa mkekani, kapiga picha uzi kila upande. Anataka uwekwe ndani ya kioo pale tembe, na kadi ya maelezo. Desturi ya wapagazi wa Unyamwezi. Anasema hajawahi kuiona kwenye kitabu chochote. Kasema kwa furaha.

Bibi kakubali. Ataukabidhi mwenyewe mbele ya wageni.

Na kadi? Mwalimu kasema iandikwe kwa lugha mbili, na mwenye mwandiko mzuri na lugha zote mbili klabuni ni Zena.

Zena ni mimi.

Nimekaa nayo tangu saa tisa. Kwa Kiswahili imeshuka yenyewe. Nimeandika inasemekana, na inasemekana hainyooshei mtu kidole. Kwa Kiingereza nimekwama. Najisikia nasema uongo mbele ya watu wageni, watu ambao hawajui hata nyumba yetu ilipo.

Nimemaliza hivyohivyo. Nimempelekea mwalimu. Kasema safi sana.

Jumapili, 6 Oktoba

Bibi kanunua kanga mpya. Hajanunua tangu Idi. Kawaambia majirani wote, hata muuza mkaa. Asubuhi nilimsikia anamwambia mama wa nyumba ya pili, "Babu yangu nilikuwa sina. Nilikuwa na jina tu. Sasa najua alisimama wapi siku aliyoondoka, na jua lilikuwa wapi."

Nimempa babu wa uongo.



Wivu bado upo, hapohapo kando ya aibu, wala havisumbuani. Jana Mwantumu alipokuwa anafanya mazoezi ya kisa mbele ya Bibi, Bibi akimrekebisha sauti, nilitaka kutwanga.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwambia Mwantumu. Nyuma ya maabara, palepale. Nilifunga macho nikasema yote kwa mfululizo, wivu, mtego, kinu kitupu.

Nikafumbua macho. Anatafuna.

Kasema, "Nilijua."

Kasema alijua siku ile ile. Saa sita mchana? Yeye ni mtoto wa Pwani, si kipofu. Alifurahi sana, ndivyo alivyosema. Miezi mitatu ananitupia maneno na mimi namtazama kama ukuta. Siku ile akasema afadhali, bubu kanijibu, kanichimbia shimo kama mtani wa kweli. Kwa hiyo klabuni alilifukua mbele ya watu. Aliposema "kivuli kiko wapi" alikuwa ananingoja mimi. Nisimame niseme mwongo wewe, kisa ni changu, umenasa. Watu wacheke, tumalizane.

"Nikangoja. Ukatazama dawati. Ikabidi niendelee mwenyewe, yule mwanamke nikamtoa hewani."

Na kwa Bibi alipeleka akijua Bibi atamcheka. Kaniuliza yeye angejuaje kuna uzi sandukuni, wakati hata mimi mjukuu sikujua.

Nilikaa na hilo. Utani unafanywa mbele ya watu, hilo analijua hata mtoto wa chekechea huku kwetu. Mimi nimeufanya chini ya meza, kwa kisasi, kisha nikauita utani. Nimekosea kitu ambacho Mnyamwezi hakosei.

Nikamwomba aende yeye kumwambia Bibi. Yeye anamuweza.

Akaacha kutafuna. "Mimi naweza kumfichia makubazi. Hili siliwezi. Mjukuu ni wewe."

Namchukia kwa kuwa kasema kweli. Pia nilitembea kurudi nyumbani nikilirudia lile neno. Mjukuu ni wewe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jana sikuweza. Leo nimeweza.

Bibi alikuwa anasuka. Nikakaa mbele yake, si pembeni ninapokaa siku zote. Nikasema, "Bibi, desturi ya uzi haipo. Nimeitunga. Nilitaka Mwantumu aaibike kwa sababu unampenda."

Vidole vyake viliendelea kidogo, kama havijasikia. Kisha vikaacha.

Kisha akauliza. Mwanamke aliyelala na uzi, nani kamweka kwenye kisa?

Nikasema Mwantumu.

Na uzi wa kwenye kisa?

Mimi.

Akasema neno la Kinyamwezi nisilolijua. Sikuthubutu kuuliza. Kisha, "Kateke maji."

Ndoo zote zilikuwa zimejaa. Nikazimwaga kwenye mchicha, nikaenda kuteka.

Hakula na mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi hajaniita mke mwenza. Kaniita Zena. Sikujua jina langu ni adhabu.

Nilikwenda shule. Mapumziko tukamfuata Mwalimu Ndimbo, mimi na Mwantumu. Nimesema mimi. Mwantumu kasimama tu karibu, bega lake limenigusa muda wote, sijui kama alijua.

Mwalimu kavua miwani. Kaifuta. Nilingoja fimbo au barua ya mzazi. Kasema kivuli cha saa sita kilimtia shaka tangu siku ya kwanza, na alinyamaza kwa sababu kisa kilikuwa kizuri na yeye alitaka kiwe kweli. "Mimi ndiye mkubwa hapa," kasema. "Nilipaswa kuuliza." Kisha kachukua kadi yangu mezani, kaichana mara mbili. Hilo liliuma kuliko fimbo. Ilikuwa kazi yangu pekee ambayo ingesomwa na watu.

Kasema kesho Mwantumu atasimulia chumvi. Uzi haumo.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta Bibi kakaa na kile kitambaa magotini. Ametoka kuswali, kanga mpya bado iko kwenye nailoni. Kasema bila kunitazama, "Leta karatasi."

Nikaleta. Bibi anasoma herufi za Kurani, hizi za shule hazijui. Akataja polepole, mimi nikaandika:

Uzi wa Nyamizi. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani, hakurudi. Aliutunza mpaka kufa kwake. Hakumwambia mtu ni wa nini.

Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia tena. Mara ya tatu akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hivyo. Kama yeye hakusema, sisi nani tuseme. Sasa weka na Kiingereza."

Sentensi nne. Sikukwama popote.

Jumapili, 13 Oktoba

Kimya leo. Joto. Mawingu yamekuja upande wa Urambo yakaondoka.

Jana imepita. Mwantumu alisimulia chumvi, wageni walicheka, mzee mmoja wa Kinyamwezi alimrushia neno kutoka nyuma na yeye akalirudisha hapohapo, tembe zima likaangua kicheko. Bibi alivaa kanga ya Idi, ile mpya hakuivaa. Aliukabidhi uzi bila hotuba. Watu walipita mbele ya kioo haraka. Sentensi nne, uzi mfupi, hakuna kisa. Lakini niliona mama mmoja kasimama pale muda mrefu, mtoto anamvuta nguo, haondoki.

Bado nina wivu. Nilidhani nikisema ukweli utaisha. Jana watu walipompigia Mwantumu makofi, ulikuwa palepale, chini ya mbavu. Tofauti ni moja: nilipiga makofi na mimi, na hayakuwa ya uongo yote.

Asubuhi Bibi alikuwa anachemsha chai. Tangu Alhamisi tunasemeshana ya lazima tu, chumvi iko wapi, funga mlango. Akamimina vikombe viwili. Akasukuma kimoja kwangu. Akasema:

"Yule mwanamume wa kisa chako. Alirudi?"

Nikasema, Bibi, si nilikwambia ni uongo.

"Najua ni uongo. Sijakuuliza hilo. Babu yangu hakurudi, huyo namjua sasa vizuri. Nakuuliza wa kwako."

Nikasema sijui. Mwantumu labda anajua, mwanamke ni wake.

"Mwantumu hajui kuandika, anajua kupiga domo. Aliyeanza ni wewe. Kamalizie. Baada ya alasiri naja unisomee, na usiponisomea vizuri, mke mwenza, nakuacha na mzee wako nirudi kwetu."

Mzee mwenyewe, Babu, kafa miaka kumi iliyopita. Jibu likanijia palepale, kabla ya kufua, kabla ya kitu chochote. Nikasema, "Nenda. Ila sufuria uache."

Bibi alinitazama. Akaweka kikombe chini ili asimwage.

Nimekaa hapa tangu adhuhuri na badala ya kisa nimeandika haya. Alasiri imeshaadhiniwa, naona na swala imekwisha. Namsikia anavaa makubazi. Anaburuta mguu wa kushoto kama kawaida yake. Yuko ukumbini. Ukurasa huu hapaswi kuuona, una kinu na mengine yote, na atataka niusome kwa sauti. Naufunika. Nafungua mwingine, naandika juu yake Alirudi, kisha nitaona